Safari Fupi ya Masomo Ng'ambo: Mwongozo kwa Mwanafunzi wa Raila na Kawangware

Ukiteuliwa kwenda kusoma ng'ambo kwa wiki tatu, mwezi au muhula mmoja, ofisi ya uhusiano wa kimataifa chuoni itakupa mwongozo. Usome wote. Ila ujue kwamba aliyeuandika alimwazia mwanafunzi ambaye tayari ana pasipoti, ambaye mzazi wake hupokea mshahara kupitia benki, na ambaye siku ya safari atapelekwa uwanjani kwa gari la nyumbani. Wewe unayetoka Raila, Gatwekera au Laini Saba mle Kibera, au Gatina kule Kawangware, una mambo ambayo mwongozo huo hauyataji: cheti cha kuzaliwa kilichoungua, mama anayelipwa kwa M-Pesa siku kwa siku, kodi itakayodaiwa ukiwa haupo, na ukoo unaoamini kwamba anayepanda ndege ameshatajirika. Hayo ndiyo ninayotaka tuyapange hapa.

Anayekwenda kusoma miaka minne anaweza kupotea mwezi wa kwanza, akakosa darasa, akaishiwa na pesa, akalia, kisha akajipanga upya. Safari ya wiki tatu haina mwezi wa kupoteza. Chukua mfano wa karibu: kijiji cha Raila kimebeba jina la Raila Odinga, aliyekuwa mbunge wa Lang'ata kuanzia 1992 hadi 2013, wakati Kibera ilipokuwa ndani ya eneo bunge hilo. Yeye mwenyewe alikwenda Ujerumani Mashariki mwaka 1962 akiwa kijana. Alianzia Taasisi ya Herder mjini Leipzig, ambako wanafunzi wa kigeni walifundishwa Kijerumani kabla ya kuanza masomo yenyewe, kisha akasomea uhandisi Magdeburg na kurejea Kenya mwaka 1970. Yeye alijitayarisha akiwa kulekule ugenini. Wewe hutapewa nafasi hiyo. Matayarisho yako yote yatafanyika katika chumba chenu, miezi minne hadi sita kabla ya ndege kuondoka.

Karatasi kwanza

Anza na jina lako. Tandika kitandani cheti cha kuzaliwa, kitambulisho, vyeti vya shule na kadi ya chuo, uyasome majina herufi kwa herufi. Kwetu ni kawaida mtoto kuitwa Akinyi kwenye cheti cha kuzaliwa, Mercy Akinyi kwenye cheti cha KCSE, na Mercy A. Otieno chuoni. Au Mohamed hapa na Mohammed pale. Nyumbani hakuna anayejali, lakini afisa wa viza atajali. Tofauti ndogo ya tahajia huweza kuelezwa kwa hati ya kiapo mbele ya kamishna wa viapo. Jina lililobadilika kabisa huhitaji utaratibu wa kisheria wa kubadilisha jina. Lifanye hili kabla ya kuomba pasipoti, kwa sababu barua ya mwaliko, viza, bima na tiketi vyote vitafuata jina la pasipoti.

Kama ulizaliwa nyumbani kwa mkunga, au hospitalini lakini hakuna aliyefuatilia karatasi, utaomba usajili uliochelewa. Utatakiwa uwe na barua ya chifu, kadi ya kliniki au ya ubatizo, na vitambulisho vya wazazi. Ikiwa mzazi mmoja hayupo maishani mwako, usibuni jina wala usiazime baba. Mweleze afisa hali ilivyo, umuulize karatasi gani zitakubalika. Uongo mdogo kwenye fomu ya kuzaliwa hukufuata hadi dirisha la ubalozi.

Kwa Mnubi wa Makina ninasema anza mapema zaidi ya wenzako. Wanubi wamekuwa Kibera tangu mwanzoni mwa karne iliyopita, na mwaka 2017 jamii hiyo ilikabidhiwa hatimiliki ya ekari 288. Hata hivyo vijana wake kwa miaka mingi walipofika miaka 18 walipelekwa mbele ya kamati za uchunguzi na kudaiwa hati za mababu kabla ya kupewa kitambulisho. Mwaka 2011 Kamati ya Wataalamu ya Afrika kuhusu Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kwamba Kenya imewakosea watoto wa Kinubi katika suala la uraia. Uamuzi huo ni wa heshima, lakini si kitambulisho. Kusanya karatasi za babu na bibi leo, na ukikwama uende kwa mashirika ya msaada wa kisheria yaliyoko Kibera kwenyewe. Huduma zao hazihitaji uwe na wakili wa kulipwa.

Ukishakuwa na kitambulisho na cheti cha kuzaliwa, ombi la pasipoti linaanzia eCitizen. Pasipoti ya kurasa 34 inagharimu Sh7,550, na malipo hupitia eCitizen, namba ya serikali ikiwa 222222. Mtu anayekusubiri nje ya Nyayo House, kwenye ofisi za uhamiaji, akisema analipia kwa njia ya mkato si afisa, na pesa utakayompa haitaonekana kwenye mfumo wowote. Siku ya miadi beba hati halisi pamoja na nakala, na nakala ya kitambulisho cha mtu anayekujua aliyekubali kukupendekeza. Mwombe mhadhiri au kiongozi wa dini mapema, maana kumtafuta mtu wa kutia saini asubuhi ya miadi ni kujitesa.

Tena, hati hizi zinaishi katika mtaa unaoungua, unaofurika na unaobomolewa. Julai 2018 mabuldoza yaliyofungua njia ya barabara kati ya Ngong Road na Lang'ata yalibomoa maelfu ya nyumba za Kibera kwa siku chache. Usiache hati halisi chini ya godoro. Zipeleke kwa shangazi mwenye nyumba ya mawe, au uombe nafasi katika kabati linalofungwa chuoni. Zipige skani, uzitume kwenye baruapepe yako na ya mtu mmoja unayemwamini. Kama ulipiga skani saiba, simama hapo hadi uone faili zako zimefutwa kwenye kompyuta ya watu.

Viza ni mlango mwingine, na kila nchi ina kufuli lake. Uganda na Rwanda hukubali kitambulisho cha Kenya tangu 2014, kwa hiyo kubadilishana wanafunzi na Makerere au Kigali ni mwanzo mzuri kwa ambaye pasipoti yake bado inasubiriwa. Nchi za Schengen hutoa viza fupi ya hadi siku 90 ndani ya kila siku 180. Ada ni yuro 90 tangu Juni 2024, ombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na si chini ya siku 15, na lazima uwe na bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000. Uingereza inaruhusu masomo ya hadi miezi sita kwa viza ya mgeni wa kawaida, mradi chuo unachokwenda kinatambuliwa. Marekani ndiyo ndefu zaidi. Chuo mwenyeji kikutumie kwanza fomu ya I-20 au DS-2019, ulipe ada ya SEVIS, ambayo imekuwa dola 350 kwa viza ya F na dola 220 kwa ya J, ulipe na ada ya viza yenyewe, ndipo ukahojiwe ubalozini Gigiri. Ada hizi hubadilika, kwa hiyo zithibitishe kwenye tovuti ya ubalozi wenyewe na si kwenye kundi la WhatsApp. Kumbuka pia kwamba hata kubadilisha ndege tu ndani ya Marekani kunahitaji viza, na tiketi ya bei nafuu inayopitia New York inaweza kukugharimu safari nzima.

Katika mahojiano ya Gigiri sheria inamtaka afisa akuchukulie kuwa unakusudia kubaki mpaka umwonyeshe vingine. Kijana wa mtaa hushikwa na hasira hapo, na ninaielewa. Usijibu kwa hasira wala kwa hadithi ya umaskini. Beba barua ya chuo chako inayosema uko mwaka wa ngapi, muhula ujao unaanza tarehe gani, na kozi utakayosoma itahesabiwa vipi ukirudi. Jibu kwa ufupi: unakwenda kusoma nini, nani analipa, unarudi lini. Ukielekea Tanzania, Afrika Kusini au India, jitayarishe pia kuonyesha cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Chanjwa angalau siku kumi kabla ya safari, na cheti chake hudumu maisha yako yote.

Pesa, na jinsi ya kuionyesha

Balozi nyingi zitataka taarifa za benki za miezi mitatu hadi sita. Mama yako anauza mboga karibu na steji ya matatu za namba 46, na pesa yake ni halali kuliko za wengi, lakini haipiti benki. Usidhani hivyo umeshindwa. Taarifa ya M-Pesa huombwa kwa *334#, nayo inaonyesha mapato ya kila siku. Barua ya chama na kitabu cha akiba vinaonyesha nidhamu. Lakini uzito mkubwa uuweke kwenye barua ya chuo mwenyeji au mfadhili. Waombe, kwa adabu na kwa maandishi, waandike kila kitu kwa kiasi chake: nauli shilingi au yuro ngapi, malazi ngapi, chakula ngapi, bima ni ya nani. Barua inayosema tu kwamba “gharama zitashughulikiwa” haimsaidii afisa.

Usikubali mjomba akuwekee laki tatu kwenye akaunti wiki moja kabla ya ombi. Afisa anaona pesa iliyoingia jana. Na usimguse mtu anayetengeneza taarifa za benki huko mjini. Uingereza humfungia anayedanganya kwa miaka kumi, na kumbukumbu ya viza ya Schengen iliyokataliwa hukaa kwenye mfumo wao wa pamoja miaka mitano. Utakuwa na miaka thelathini na ushei ukitaka kwenda kufanya uzamifu, na karatasi hiyo bado itakuwa inakusubiri.

Kuna la kuchunga zaidi. Safari halali ya kubadilishana wanafunzi haikuombi wewe umtumie mtu binafsi pesa ya “kushika nafasi”. Kashfa ya Uasin Gishu, ya mpango wa kupeleka vijana kusoma Ufini na Kanada kupitia serikali ya kaunti, iliwaacha wazazi barabarani mwaka 2023 wakidai mamilioni waliyolipa. Wazazi hao hawakuwa wajinga, waliiamini ofisi yenye nembo. Kwa hiyo kila malipo unayoombwa, piga simu chuo mwenyeji kwa namba iliyo kwenye tovuti yao, uulize kama wanakujua kwa jina. Ofisi halisi haitaudhika.

Sasa tuje kwenye jambo linalowaumiza wengi na halitajwi: posho mara nyingi hulipwa baada ya kufika. Utashuka Amsterdam au Leipzig na barua inayosema una yuro mia nane, na mfukoni huna ya basi. Uliza mapema, pesa inaingia siku gani na kwa njia gani. Ikiwa ni baada ya siku kumi, omba sehemu ilipwe kabla, na ueleze waziwazi kwamba nyumbani hakuna wa kukukopesha. Waratibu wengi hawajawahi kufikiria hilo na watakusaidia wakiambiwa. Wanyamazao ndio wanaoshinda na njaa siku tano wakisema wamezoea.

Kadi ya GlobalPay ya M-Pesa inaweza kulipia vitu mtandaoni, lakini ijaribu kwa ununuzi mdogo ukiwa Nairobi. Beba pia kadi ya plastiki ya benki kama unayo, na noti kidogo za nchi unayokwenda. Laini yako ya Safaricom isitoke kwenye simu, kwa sababu namba za siri za benki zitaingia huko. Na deni la Fuliza ulimalize kabla ya kuondoka. Deni lisipolipwa, elfu mbili atakazokutumia dada yako wakati wa shida zitamezwa kabla hujaziona.

Watu wa nyumbani

Andika kwenye karatasi kila kitu ambacho hufanyika nyumbani kwa sababu wewe upo. Kodi, labda unalipa nusu. Karo ya mdogo wako. Dawa za presha za bibi, ambazo wewe ndiye huzifuata hospitali ya Mbagathi. Maji. Kibarua cha wikendi kinachowalisha wote. Mwanafunzi wa Raila mara nyingi ni nguzo ya nyumba bila kuitwa hivyo, na wiki tatu za kutokuwepo kwake huonekana sufuriani. Safari ikikulipia nauli na chakula chako pekee, bado nyumba imepoteza mapato. Hesabu kiasi hicho, ukiweke akiba mapema au umwombe ndugu akushikie kwa muda, na umlipe ukirudi.

Kodi ilipwe kabla hujaondoka, na mwangalizi wa ploti ajue kwa majina nani anabaki na ufunguo. Ikiwa unaishi peke yako, ndugu au rafiki alale humo. Chumba kitupu hutambuliwa haraka, na ukitangaza tarehe ya ndege kwenye mitandao umemwarifu pia yule usiyemtaka. Picha za uwanjani ziweke baada ya kurudi. Hazitaharibika.

Kisha itisha kikao cha familia, kabla uvumi haujakutangulia. Michango ya safari za masomo ina historia ndefu kwetu. Wanafunzi 81 waliopanda ndege ya kwenda Marekani iliyopangwa na Tom Mboya Septemba 1959 waliondoka nyuma yao kukiwa na vijiji vilivyochanga. Lakini wale walikwenda miaka, wakarudi na shahada na kazi. Wewe unakwenda wiki chache na kurudi kwenye CAT. Kanisa au msikiti ukitaka kukuchangia, pokea kwa shukrani, ila sema mbele ya watu safari ni ya muda gani, nani amelipa nini, na ni kiasi gani tu kimepungua. Usiache mtu atoe elfu moja akidhani amenunua ahadi ya wewe kumpeleka mwanawe Ulaya.

Kwenye kikao hicho taja na posho yako, na bei za huko. Ukisema tu “nimepewa yuro mia nane” watazidisha kwa shilingi na kushangaa mbona hutumi kitu. Waonyeshe kodi ya chumba ni ngapi na chakula ni ngapi. Zawadi ahidi chache: kitu kidogo kwa mama, kitu kwa mdogo wako, basi. Mama aachiwe karatasi, si ujumbe wa simu tu, yenye jina la chuo, anwani unakolala, namba ya mratibu, namba ya ndege na namba ya ubalozi wa Kenya. Mkubaliane siku ya kupigiana simu. Hofu ya mama aliye mbali ni mzigo mzito sana kwake, na karatasi hiyo itampa usingizi.

Masomo yasipotee katikati

Nenda kwa mkuu wa idara kabla ya kununua begi. Umwonyeshe kozi ya ng'ambo, mkubaliane itahesabiwa badala ya nini, na umwombe aandike na kutia saini. Maneno ya mdomo hufa muhula unapobadilika. Linganisha kalenda mbili: mitihani ya huku isianguke wiki uliyo kule. Ikigongana, omba mtihani maalum kwa maandishi sasa, barua yako ipigwe muhuri na ubaki na nakala.

Soma kabla ya kwenda. Orodha ya vitabu ipo kwenye tovuti ya kozi, na mhadhiri wa kule atajibu baruapepe fupi yenye swali la maana. Nenda na swali moja lako mwenyewe. Ikiwa unasomea mipango miji, uliza jiji lile linaondoaje maji machafu. Kama ni uuguzi, uliza mgonjwa maskini anapokelewa vipi. Swali lako litakuongoza pale ambapo wenzako watakuwa wanatembea tu. Darasani, kunyamaza kwa heshima kama tulivyofundishwa kutachukuliwa kuwa hukusoma. Jizoeze kusema jambo moja kila kipindi, hata kama sauti inatetemeka. Na kama nchi si ya Kiingereza, jifunze salamu, namba, njia na maneno ya dukani. Goethe-Institut na Alliance Française zote ziko Nairobi na zina maktaba.

Begi lenyewe

Hapa sina mengi. Koti zito na buti tafuta soko la Toi asubuhi mzigo ukifunguliwa. Utapata kitu cha Ulaya kwa bei ya Kibera, kikirudi kilikotoka. Soketi zetu zinafanana na za Uingereza. Bara Ulaya na Marekani utahitaji adapta, na kwa Marekani hakikisha chaja imeandikwa 100–240V. Nyama na maziwa, hata vilivyopikwa na mama kwa upendo, haviruhusiwi kuingia Umoja wa Ulaya. Dawa unazokunywa kila siku, za kisukari, za pumu au za virusi, ziweke kwenye begi la mkononi ndani ya pakiti zake, pamoja na barua ya daktari. Usizikatize kwa aibu.

Na usibebe mzigo wa mtu. Jirani atakuletea kifurushi cha binamu aliyeko huko, kimefungwa vizuri na gundi. Uingereza ilipiga marufuku miraa mwaka 2014, Marekani nayo hairuhusu, na forodhani hakuna atakayesikiliza kwamba hukujua. Sema hapana kwa upole, mbele ya mama yako ikibidi.

Utaulizwa kuhusu Kibera

Hili lipe muda. Kule unakokwenda wengi watakuwa wamelisikia jina la Kibera kabla yako. Wameona filamu ya “The Constant Gardener” ya mwaka 2005, iliyopigwa mitaa yetu, au wameambiwa kwamba huku kuna watu milioni moja. Beba namba: sensa ya 2009 ilihesabu watu 170,070 Kibera, na ile ya 2019 ikahesabu 185,777 katika kaunti ndogo yote ya Kibra. Kusahihisha kwa utulivu ni kazi ya msomi.

Sisi tumewapokea wanafunzi wa safari fupi kwa miaka mingi, hivyo tunajua ugeni unavyoonekana kutoka upande wa mwenyeji. Jessica Posner alikuja mwaka 2007 akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Wesleyan, Marekani, akakutana na Kennedy Odede, kijana aliyekulia Kibera ambaye alikuwa ameanzisha shirika la SHOFCO mwaka 2004. Odede naye alikwenda kusoma Wesleyan, akahitimu mwaka 2012, na shirika lao likakua hadi kuwa na shule na kliniki. Wako pia waliopita na kamera wakiwapiga picha watoto mfereji ukiwa nyuma yao, bila kuuliza jina la hata mmoja. Tunawakumbuka wote, kila mmoja kwa alichofanya. Wewe sasa ndiye mgeni. Uliza kabla ya kupiga picha. Jua jina la mwanamke anayesafisha hosteli. Kaa sana na watu wa pale, pungua kidogo kwenye kundi la Wakenya wenzako.

Mtu akitaka umsimulie njaa ili ahisi huruma, huna deni hilo. Wiki ya kwanza huenda ukaombwa usimame mbele ya wafadhili ueleze “ulivyotoka”. Unaweza kukataa, au kusema kuhusu utafiti wako badala yake. Amua ukiwa bado nyumbani ni yapi ya familia yako yatasemwa na yapi ni ya ndani, umuulize na mama. Picha yake akiosha vyombo mlangoni ni yake. Wala usiruke upande wa pili ukadai unatoka Lavington kwa sababu Kawangware na Lavington zinapakana. Uongo huo utakulazimu uongo mwingine kila siku, na utakunyima kile ambacho wenzako darasani hawana: unajua jiji linavyoendeshwa na watu ambao ramani haiwaonyeshi vizuri.

Kuondoka na kurudi

Fika JKIA saa tatu kabla ya ndege. Ndege nyingi za kwenda Ulaya huondoka usiku, na kutembea Raila na begi kubwa saa sita za usiku si jambo la kujaribu. Toka mchana, au lala kwa ndugu South B. Southern Bypass itakutoa upande wa Kibera hadi Mombasa Road. Wa Kawangware wanaweza kushika Expressway kutoka James Gichuru. Teksi iagizwe na mtu mzima unayemjua, na bei ijulikane kabla.

Kabla hujaondoka andika tarehe ya kuisha viza ukutani nyumbani na kwenye simu. Siku ya kuingia na siku ya kutoka zote huhesabiwa. Kule utakutana na mtu, pengine mwema na mwenye machozi ya kweli, atakayekwambia uzamie. Atasema Raila kuna nini cha kurudia. Ninajua uzito wa swali hilo kwa mtu ambaye posho yake ya wiki mbili imezidi mapato ya mama ya miezi mitatu. Hata hivyo ninakuomba urudi. Bila karatasi utafanya kazi ya kujificha kwa miaka, mama akiugua hutaweza kuja, shahada yako itabaki nusu, na ofisi iliyokutuma itaambiwa na ubalozi kwamba wanafunzi wake hawarudi. Mwaka unaofuata atakayenyimwa viza ni msichana wa Kianda au wa Congo kule Kawangware ambaye hamjaonana. Njia ya kurudi ng'ambo kwa muda mrefu ipo, na inaombwa ukiwa Nairobi: DAAD wana ofisi hapa, ufadhili wa Chevening hufungua maombi kila mwaka, na cheti cha safari fupi iliyokamilika vizuri kinasaidia.

Ukirudi, wiki ya kwanza peleka matokeo idarani mpaka uone yameingizwa kwenye rekodi yako, andika ripoti, lipa ulichokopa. Kisha uchukue barua zako zote: ya mwaliko, ya idara, maelezo ya pesa, hata maswali uliyoulizwa ubalozini. Ondoa namba zako za siri, uzitoe nakala, umpe mwanafunzi wa mtaani atakayeteuliwa baada yako. Mwambie aanze na jina lake.